Ombi la Kumrudisha Binti Yangu Chuoni Akatolewe Elimu ya Mabomba ya Kitambaa

Karakana ya Mabomba ya Bati,
Nyuma ya maghala ya mbao.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: ELIMU MLIYOMPA BINTI YANGU, AMBAYO IMEZIDI UKUBWA WA KARAKANA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa ofisini chini ya kiyoyozi kinachonguruma sawasawa. Mimi pia ni mzima wa mwili. Roho ndiyo yenye hitilafu, na hitilafu hiyo nimeifuatilia mpaka nikaona imeanzia kwenu.

Mimi ni fundi wa mabomba ya hewa. Naeleza mapema kwa sababu watu wengi wakisikia fundi bomba huniletea habari za vyoo. Yangu ni yale mabomba makubwa ya bati yanayopita juu karibu na dari, yanachukua hewa baridi kutoka kwenye mashine na kuigawa ukumbini, kiwandani na wodini. Nimeyakata, nimeyakunja na kuyapiga ribiti, vile vijiti vya chuma vya kuyashikiza, tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mtaa mzima unaniita Fundi Kelele, na jina hilo nililipata kihalali, kwa nyundo.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Ndiye huyo niliyewaletea. Nilimfikisha mwenyewe hadi getini, begi lake likiwa kichwani kwangu, nikamwambia mlinzi wenu, "Huyu mtunzeni, ndiye mrithi wa nyundo." Nilitaka mumfundishe kusoma michoro ya majengo, basi, maana siku hizi nikiitazama mistari naona inacheza. Sikuomba zaidi ya hapo. Nyinyi mkamrudisha na stashahada ya mifumo ya hewa, pamoja na kitu kingine ambacho hakuna aliyenidokezea: imani kwamba bomba la hewa linaweza kushonwa.

Kushonwa, Mkuu. Kama shati.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, ili uweze kujibu mojawapo hata kama mengine yatakushinda.

1. Lalamiko la kwanza linahusu adabu. Kabla hajaja kwenu, binti yangu alikuwa mbishi wa kawaida. Nikisema bomba ni pana, yeye anasema ni jembamba, tunapigiana kelele, tunakunywa chai, yamekwisha. Mara zote nilikuwa nashinda kwa sababu nina sauti. Mmemrudisha na upole. Siku hizi anakuja taratibu, anasema, "Shikamoo baba, naomba nikuulize kitu," na mimi nikisikia hivyo natafuta pa kukaa.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Baba, ukubwa wa bomba hili uliupataje?"

Nikamwambia, "Kwa jicho."

Akaandika. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya mtu anayekuuliza kama umelala salama, "Na jicho lilisema hewa itakimbia kwa kasi gani humo ndani?"

Jicho langu halijawahi kuulizwa swali la namna hiyo tangu nizaliwe. Ningefoka, lakini utamfokeaje mtu aliyekuamkia? Mmeninyang'anya silaha yangu ya pekee nyumbani kwangu mwenyewe, tena bila taarifa.

2. Lalamiko la pili ndilo mama wa mengine yote. Kuna kiwanda cha mikate ambacho mabomba yake niliyafunga mimi. Kazi safi, imenyooka, ukipiga kwa kidole inalia kama kengele. Sasa bati likiwa limebeba hewa baridi tumboni, na nje kuna joto la tanuri na mvuke wa mikate, litafanya nini? Litatoa jasho. Hata wewe ungetoa. Tone linaota kwenye maungio, linaning'inia, linamtafakari aliye chini yake, kisha linadondoka.

Meneja wa kiwanda, mama mmoja mfupi anayetembea kana kwamba anakimbia mvua, akaniita. Akanionyesha trei ya mikate iliyolowa mgongoni. "Fundi Kelele," akasema, "mabomba yako yanalia, na mimi sijafiwa."

Nikampa ushauri wa kitaalamu, kwamba atundike ndoo. Zikatundikwa, na kusema kweli zilipendeza, zilikuwa za rangi moja. Akaniambia pia kwamba mfungashaji anayekaa chini ya tundu la bomba anavaa sweta na kofia ya sufu, wakati mwenzake wa mwisho wa meza anajipepea kwa kipande cha boksi. Nikashauri wabadilishane viti baada ya chakula cha mchana. Haya ni mambo ambayo fundi mzoefu huyamaliza kwa maneno machache.

Bahati mbaya binti alikuwa amenisindikiza. Hakunipinga mbele ya mteja, adabu yake niliyokwisha kuilalamikia haimruhusu. Alitoa futi, akapima chumba, akahesabu watu, akasimama mbele ya feni na kuitazama kama anamtazama mgonjwa. Ndipo akasema, "Mama, ukinipa nafasi, ndoo zote hizi nitazishusha."

"Utaweka nini?"

"Kitambaa."

Meneja akanigeukia mimi, akidhani mtoto ana homa. Mimi nikazitazama ndoo.

Basi akaeleza kama mlivyomjaza. Kwamba bomba la kitambaa halina tundu moja kubwa la kumpuliza mtu mmoja, bali lina mistari ya vitundu vidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hewa inatoka kidogo kidogo kwa urefu wote, kila mtu anapata yake. Kwamba kitambaa chenyewe kinapumua, hewa inapenya kwenye ngozi yake, kwa hiyo mvuke wa nje haupati mahali pa baridi pa kushika na kugeuka maji. Kwamba idadi ya vitundu na unene wa bomba havikisiwi, vinapigiwa hesabu kwa nguvu ya feni na ukubwa wa chumba. Na kwamba likichafuka unafungua zipu, unalishusha, unalifua.

Zipu, Mkuu. Kwenye bomba. Walimu walikuwa wapi mtoto akifikia hali hii?

Meneja akafikiri, akasema, "Nakupa chumba cha kufungashia peke yake. Ukiniharibia, baba yako anarudisha bati lake, na wewe nisikuone tena hapa." Hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Alitoka mle, na mlangoni akagonga ndoo kwa kichwa.

3. Lalamiko la tatu ni la ndani ya nyumba, na nakuomba ulisome ukiwa peke yako. Mke wangu ni fundi cherehani. Tangu tuoane tumegawana ua: upande mmoja bati, upande mwingine nguo, katikati kamba ya kuanikia. Amani yetu ilitokana na kila mtu kutojua kazi ya mwenzake. Jioni ananiuliza, "Vyuma vyako vimeshindaje?" nami namuuliza, "Na vitambaa vyako?" na hakuna anayesubiri jibu.

Binti akaja na michoro yake, akaitandaza juu ya meza ya kukatia. Mama yake akavaa miwani, akaitazama kwa muda usiotosha hata kumenya kitunguu, akasema, "Kumbe ni mkono wa gauni, ila mrefu."

Kazi iliyonipinda mgongo maisha yangu yote, Mkuu, ikawa mkono wa gauni.

Halafu nikamsikia akimwambia binti kwamba pale kwenye kona asikunje kipande kizima, akate vipande vyembamba avishone kwa mfuatano, la sivyo patakunjamana na hewa itakwama. Binti akashangaa: "Mama, umejuaje?" Hilo neno "umejuaje" mimi sijawahi kuambiwa na mtu yeyote katika familia hii. Siku hizi mezani wanazungumza habari za shinikizo la hewa wakati mimi naomba chumvi, na chumvi inakuja ikiwa imechelewa.

4. Suruali. Kitambaa kilipomalizika kushonwa ilibidi kifuliwe kwanza, kisije kikarudi na kuwa kifupi kikiwa kimeshafungwa. Sawa. Lakini bomba lile lilikuwa na mahali linapogawanyika, shina moja na matawi mawili. Sasa chukua kitu cha namna hiyo, cheupe, kinene kuliko mtu mzima, kianike kwenye kamba ya ua wangu matawi yakiwa yanaelekea chini, halafu uniambie umeona nini.

Jirani yetu muuza mkaa alichungulia juu ya ukuta. Aliitazama kuanzia kiunoni hadi miguuni. Mwishowe akauliza kwa huruma kubwa, "Fundi, hii ni yako, au mmepata mgeni?"

Watoto wa mtaa wakaja kuhesabu watu wangapi wanaenea kwenye mguu mmoja. Kufikia jioni jina la Fundi Kelele, nililolijenga kwa nyundo, lilikuwa limekufa. Sasa naitwa Baba Suruali. Nimeitwa hivyo sokoni. Nimeitwa hivyo na mtu ambaye nilikuwa nataka kumkaripia kwa jambo jingine, na nikashindwa kuendelea.

5. Msaidizi wangu tunamwita Gundi, kwa kuwa hajawahi kubanduka karakana kwangu. Amebanduka. Nilimkuta upande wa pili wa ua, kakaa kwenye kigoda, anashona pindo. Nikamuuliza, "Gundi, unafanya nini?" Akasema, "Fundi, huku vidole vinabaki." Lalamiko hili nalifanya fupi kwa sababu linaniuma.

6. Sasa nafika kwenye lalamiko lililonifanya nichukue kalamu, na hili ni dhidi yenu na dhidi ya mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya kuwasha ilifika. Bomba la kitambaa lilikuwa limetundikwa kwa kulabu kwenye waya uliokazwa chini ya dari, limelegea, limenywea, ovyo kabisa, kama soksi iliyovuliwa. Bati langu lilikuwa limeshashushwa na kuegemezwa ukutani, nami nilisimama karibu nalo ili lisijione peke yake. Wafungashaji walikuwepo wote. Meneja alikuwepo. Mke wangu alivaa gauni lake la kwenda mahali pa heshima. Binti alishika swichi, akanitazama mimi. Nikatazama dari.

Akawasha.

Mkuu, feni ile ina nguvu, na kitambaa kilikuwa kitupu. Hewa iliingia yote kwa mkupuo. Bomba liliruka juu likajaa kwa kishindo kimoja, paa!, waya ukatetemeka, kulabu mbili zikang'oka, na mkia wa bomba ukashuka ukapiga meza. Trei za mikate zikamwagika. Mfungashaji wa sweta akaingia uvunguni mwa meza na kofia yake. Mmoja alikimbia mpaka nje, na nasikia alifika stendi.

Sitakuficha: nilifurahi. Niliisikia furaha ikipanda kuanzia magotini. Nilisema moyoni, bati halijawahi kumpigia mtu meza.

Meneja aliokota mkate sakafuni, akaupangusa kwa mkono, akauweka mezani. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akamwambia binti, "Mwanangu, nilikuambia." Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, lirudishe bati lako. Unaweza kuanza lini?"

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo tangu stashahada ilipoingia nyumbani kwangu. Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa ni "Sasa hivi," maneno mawili tu, mtoto mdogo anaweza kuyasema. Nikafungua mdomo.

Lakini kabla sauti haijatoka niligeuza macho, na kosa langu lote ni hilo. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya gunia la unga. Hakuwa analia. Alikuwa ameinua uso, anaufuata waya kwa macho, kulabu kwa kulabu, anatafuta ni wapi amekosea, na midomo yake inahesabu. Hivyo ndivyo mimi hukaa bomba langu likivuja. Sikujua kwamba mtu akinitazama huona hivyo.

Na mdomo wangu ukasema, kwa sauti yangu, mbele ya mashahidi: "Mama, hili ni jambo dogo. Limekosa pete."

Watu wote wakanitazama. Mimi pia ningejitazama kama ingewezekana.

"Pete gani?" akauliza meneja.

"Pete za chuma, za ndani," mdomo ukaendelea, bila idhini. "Kitambaa kikishikwa na pete hakinywei feni ikizimwa. Kinabaki kimefumbua kinywa. Hewa ikija inakikuta wazi, hakuna cha kuruka wala kupasuka. Nitazitengeneza mimi."

Binti akasimama kutoka kwenye gunia, unga umemjaa nyuma. Akasema, "Na feni ianze taratibu, isije yote kwa mara moja. Nilipaswa kulifikiria hilo." Kisha akasema, "Baba, umejuaje?"

Nakuuliza wewe, Mkuu wa Chuo, unayesimamia elimu: hii ni haki? Mtu anamsubiri adui yake aanguke, anaanguka mwenyewe bila kusukumwa, halafu yeye ndiye wa kwanza kumpa mkono? Hali hiyo sikuwa nayo zamani. Nimeambukizwa, na ugonjwa umetoka chuoni kwenu.

Meneja alikubali kusubiri, kwa masharti na kwa uso mbaya. Nikazikata zile pete kwa chuma bapa chembamba, nikazikunja, nikazichomelea, nikazipiga tupa kingo zake mpaka ukizipitisha shavuni huzisikii, maana chuma chenye meno kingekula kitambaa. Nilizitengeneza vizuri kuliko inavyostahili kitu ambacho mtu anakipinga. Mke wangu akazishonea mifuko. Tulifanya kazi ua mzima, bati na kitambaa pamoja, Gundi akikimbia huku na huku kama mtu aliyeoa wake wawili, na nakiri chai ya siku hizo ilikuwa na utamu ambao sikuupenda.

7. Lalamiko la saba ni ukimya. Walipowasha mara ya pili, feni ilianza polepole, na bomba likajaa kama kifua cha mtu aliyelala anayevuta pumzi. Basi. Hakuna kilichofuata. Nikasubiri mngurumo. Nikasubiri bati lilie, ribiti zigonge, kitu chochote. Nikadhani feni imezimika. Kumbe imewaka.

Mfungashaji wa sweta alivua kofia. Baada ya kitambo akavua sweta. Wa mwisho wa meza aliweka boksi lake chini, akasahau alikoliweka. Nilisimama chini ya bomba na kiganja wazi kwa muda mrefu, nikisubiri hata tone moja la heshima. Kikavu.

Nakuuliza: hewa isiyopiga kelele, mteja atajuaje kwamba amefungiwa mabomba? Kwenye ukumbi wenye mabomba yangu mzungumzaji hulazimika kupaza sauti, na hilo huwafanya watu wasiwe na mengi ya kusema. Wafungashaji wa kiwanda kile sasa wanasikilizana. Nimeambiwa wameanza kugombana kwa habari za miaka iliyopita, kwa kuwa ndiyo kwanza wanasikia walichoambiwa. Ugomvi huo nani atawajibika nao?

8. Lalamiko la nane limefutwa na mke wangu. Alipita nyuma yangu nikiandika, akasoma, akachukua kalamu. Amebakiza namba tu.

9. Mkate. Meneja alituletea mikate ya shukrani. Ni mikavu juu, laini ndani, haina alama wala unyevu. Nililazimika kula.

Ndugu Mkuu wa Chuo, kutokana na hayo yote naleta maombi yangu kwa unyenyekevu.

Ombi la kwanza ni kwamba mumpokee binti yangu na kumtoa elimu hiyo. Sijui mnatumia njia gani. Pengine kuna kozi ya kurudi nyuma, anaanza na mtihani wa mwisho, anashuka darasa kwa darasa, mpaka anatoka getini hajui kitu, na begi lake nalipokea mimi. Kama ni lazima apewe cheti cha kutojua, tutakitundika ukutani.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi mmwongezee elimu ya jambo lisilo na madhara kwa ndoa za watu, mathalani historia ya zamani sana, ili hii ya hewa ikose nafasi ikamwagika.

Na ikiwa hilo nalo limeshindikana, mchukueni mkae naye. Mpeni chumba, mpeni ubao, mpeni hao wanafunzi awaulize majicho yao yanasemaje. Ni mtoto mzuri, anaamka mapema, hasusi chakula. Mnisaidie tu asiwe hapa ninapopigilia ribiti, ananitazama kwa upole wake, huku akijua jibu.

Nasubiri hatua zenu haraka, kabla hospitali ya jirani haijaleta maombi yake. Wameshakuja mara moja kuuliza, na hawakuniuliza mimi.

Wasalimie walimu wote, isipokuwa wa hesabu, ambaye nitamsalimia mwenyewe tukikutana ana kwa ana. Msalimie mpishi, mtunza stoo na yule mlinzi wa getini, umwambie kwamba mrithi wa nyundo alifika salama lakini nyundo haijarithiwa. Wa nyumbani kwako wote nawapa mkono, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi niliyekukabidhi mtoto kwa nia njema,

Fundi Mkuu wa Bati,
baba mzazi wa mhusika.

NYONGEZA

Nilikuwa nimeshalamba bahasha nilipomsikia binti anaongea na simu uani, na anayeongea naye ni wewe. Aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na chaki ya kukatia. Nilisikia kila kitu. Kwamba mmesikia habari za kiwanda cha mikate. Kwamba mnataka arudi chuoni akafundishe mabomba ya kitambaa, muhula ujao, na nyumba ya mwalimu ipo. Nilisikia pia alivyokujibu: "Asante sana, Mkuu. Naomba kwanza niongee na baba."

Akaja. Akasema, "Shikamoo baba, naomba nikuulize kitu." Sikutafuta pa kukaa. Nikamwambia aende anakotaka, kazi ni yake na maisha ni yake, baba gani anazuia heri ya mtoto wake. Nilisema vizuri kabisa. Kisha nikaenda nyuma ya karakana nikapiga nyundo bati ambalo halikuwa na tatizo lolote, mpaka mke wangu akaja kuninyang'anya.

Kwa hiyo naomba barua hii uisome kuanzia huku mwisho, na huko mwanzo usifike. Ningeichana, lakini mke wangu amesema iende hivyohivyo, mjue anaishi na nani.

Na yale maneno mazuri niliyomwambia nimeyabadili: huyo binti hamumpati. Hospitali imeleta michoro ya wodi mbili asubuhi ya leo, na hesabu za humo mimi siziwezi, mama yake haziwezi, Gundi ndiyo kabisa. Tena nimeshazoea kuulizwa maswali. Jana hakuniuliza lolote mpaka mchana, nikajikuta namfuata mwenyewe na bomba mkononi, nikamwambia, "Hebu niulize."

Kama ni wanafunzi wenu kufundishwa, waleteni hapa. Nafasi ipo, bati nimelihamishia ukutani tangu ulipompigia tena nami nikaikata simu, ambayo haikuwa yangu kuikata, na kwa hilo uniwie radhi. Waje na viatu vinavyofunika vidole. Maswali ya hesabu wamuulize mwalimu wao mpya, binti yangu.